Honi Chini ya Dirisha

Wahenga hawakumlazimisha mtu kukubali kila aambiwalo. Walijua kwamba neno laweza kuwa chungu, laweza kuwa la uongo, laweza hata kuwa la kumtapeli anayeambiwa. Kwa hiyo walimwachia kila mtu ruhusa ya kulikataa. Kitu kimoja tu walikiwekea mpaka: ukiitwa, itika. Nenda, sikiliza, kisha ukitaka ondoka na hasira zako. Ndiyo maana wakasema, kataa neno, usikatae wito. Mwanamke mmoja fundi wa kushona nguo aliijua methali hii tangu utotoni, na aliweza kuisema bila kukosea hata herufi. Maana yake ndiyo iliyochelewa kumfikia.

Mwanamke huyo mtaa mzima ulimwita Sindano. Alikuwa mwembamba, alitembea wima, na ulimi wake ulijua kuchoma. Alipanga chumba kimoja ghorofani, juu ya gereji ya pikipiki, na kutwa nzima nyundo na injini za chini zilitetemesha sakafu yake kama mtu mwenye homa. Chumbani mlikuwa na kitanda, meza ya kukatia vitambaa, na cherehani ya kukanyaga kwa mguu iliyowekwa karibu na dirisha ili ipate mwanga. Kazi yake ilikuwa sare za shule. Alizitundika ukutani safu kwa safu, mashati na sketi za watoto wa watu, zikamtazama bila vichwa wala miguu. Yeye mwenyewe hakuwa na mume wala mtoto. Alikula kwa sahani moja, akanywa kwa kikombe kimoja, na akizungumza basi alizungumza na cherehani, hasa ilipokata uzi.

Si kwamba hakuwa na ndugu. Walizaliwa wawili tu kwa mama yao, yeye na mdogo wake wa kiume. Baba yao alifariki mapema, mama akawa mtu wa vibarua, na Sindano ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni mpaka mgongo ukazoea uzito ule kuliko kutokuwa nao. Mtoto yule alianza kusema kabla ya kutembea vizuri, na alipoanza hakunyamaza tena. Wakambandika jina la Chiriku. Sindano alipokwenda mjini kujifunza ushonaji, Chiriku alibaki nyumbani na mama. Alipokua alinunua pikipiki, akawa anabeba abiria.

Siku zile walikuwa chanda na pete. Kila alipopata abiria wa kuja mjini, Chiriku alipita kwa dada yake na kifurushi kutoka kwa mama. Alisimama chini ya dirisha akabonyeza honi mara mbili. Honi yenyewe ilikuwa nyembamba, inalia kama kifaranga aliyekanyagwa. Sindano alichungulia akiwa na pini mdomoni.

“Wewe Chiriku! Utafanya watu wanicheke kwa kifaranga chako hicho!”

“Teremka, Dada! Mama anakusalimu, na anauliza utaolewa lini!”

“Mwambie mpaka wewe ujue kunyamaza!”

Gereji nzima ilicheka, na Sindano aliteremka ngazi mbio kama msichana mdogo.

Kisha mama aliugua. Ugonjwa ulimjia ghafla, ukamchukua kabla dawa haijafanya kazi. Siku hiyo Sindano alikuwa mji mwingine, amepeleka sare za shule moja ya bweni, na mvua ilikuwa imekata barabara. Chiriku alimpigia simu akilia. Sindano naye alilia. Katikati ya ngurumo na mkoromo wa simu alimpigia kelele, “Nisubirini! Nisubirini, nakuja!” Kisha simu ikakatika.

Alifika siku iliyofuata, viatu mkononi, sketi imeganda tope mpaka magotini. Akakuta udongo mbichi umeshatengenezwa kichuguu. Watu walikuwa wakinawa mikono.

Sindano alisimama mbele ya lile kaburi kama mti uliopigwa radi. Chozi halikumtoka. Alipofumbua kinywa, alimgeukia mdogo wake.

“Umenizikia mama kama mtu asiye na binti.”

“Dada, si wewe mwenyewe uli—”

“Funga mdomo wako! Maisha yako yote umesema, leo unyamaze. Kuanzia sasa mimi sina ndugu. Mimi na wewe, kila mtu na njia yake.”

Wazee walijaribu kumshika mkono, akawaponyoka. Aliondoka bila kukaa hata kitako, na kiapo chake akakibeba mpaka mjini, akakifungia chumbani pamoja naye.

Chiriku hakuweza kuishi peke yake katika nyumba ya mama. Baada ya muda alihamia mjini, akapata kituo cha kubebea abiria si mbali na ile gereji. Siku ya kwanza alipanda ngazi akabisha hodi kwa dada yake.

“Ondoka,” Sindano alijibu kutoka ndani.

Hodi iliendelea, kana kwamba hakuna aliyejibu.

“Nimesema ondoka! Hivi wewe husikii?”

Mkono uliendelea kugonga mlango, taratibu, kwa adabu, kama wa mtu anayesubiri kukaribishwa. Jambo hilo lilimchoma Sindano zaidi kuliko matusi. Aliona ni dharau. Hatimaye mama mwenye nyumba alitoka chumbani kwake akamfukuza kijana kwa kumwelekeza ngazi kwa kidole. Kwenye simu nako Sindano hakupokea. Alipigiwa mara kadhaa, kisha simu zikakoma.

Basi Chiriku akarudia njia yao ya zamani. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kituoni, alisimamisha pikipiki chini ya dirisha akabonyeza honi mara mbili. Sindano aliondoa mguu kwenye cherehani. Alisimama nyuma ya pazia akamtazama mdogo wake akiinua uso, akisubiri, akipangusa taa ya pikipiki kwa kiganja ili apate kisingizio cha kuendelea kusimama. Aliona amekonda. Aliona shati limetatuka begani, mshono ambao yeye angeumaliza kabla chai haijachemka. Akaurudisha moyo wake nyuma kama mtu anayerudisha mbwa kwa mnyororo. Akajisemea, “Na asubiri, aone utamu wake.” Pikipiki iliwaka, ikaondoka, naye akarudi kwenye sare.

Mchana mmoja alisikia sauti ya Chiriku chini gerejini. Dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na hata kama hakutaka kusikia, maneno yalipanda yenyewe. Chiriku alikuwa akizungumza na Cheche, fundi wa umeme wa pikipiki, mtu mnene mwenye utani mwingi.

“Honi hii imekufa,” Chiriku alisema. “Haisikiki.”

Cheche akabonyeza. Kifaranga kikalia. “Mbona inalia?”

“Basi ibonyeze.”

“Si ndiyo nimeibonyeza, bwana! Masikio yako umeyaacha kwa fundi gani?”

Mafundi wakaangua kicheko. Chiriku naye alicheka, lakini kicheko chake kilichelewa, kilikuja baada ya kuwatazama wenzake usoni mmoja mmoja. Sindano aliliona hilo kutoka juu, akalipuuza.

“Nataka kubwa,” Chiriku alisema. “Ile ya lori.”

“Ya lori kwenye pikipiki? Unataka kuua watu kwa mshtuko?”

“Kubwa kuliko zote ulizonazo, Cheche. Kuna mtu nataka anisikie.”

Cheche akatikisa kichwa, akaingia stoo, akatoka na honi mbili nyekundu zenye umbo la konokono, kila moja kubwa kuliko ngumi yake. Akachuchumaa. Alifungua kifuniko cha ubavuni, akalegeza nati za betri kwa spana, akaitoa honi ya zamani na kuitupa kwenye ndoo ya vyuma. Alifanya kazi huku anaeleza, kwa maana alikuwa fundi asiyeweza kunyamaza mikono ikiwa kazini.

“Sikiliza. Honi hizi zinakula umeme kama ndovu anavyokula majani. Nikiziunga kwenye waya wako huu mwembamba, swichi itaungua ukiwa barabarani. Kwa hiyo naweka rilei hapa. Kidole chako kitaiamuru rilei, na rilei ndiyo itakayovuta umeme wote kutoka kwenye betri. Na hapa naweka fyuzi, ili kukiharibika kitu, ife fyuzi usife wewe. Umenielewa?”

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akiutazama mdomo wa Cheche kama mtoto anayetazama sahani ya mwenzake.

Cheche alipima waya mnene kutoka kwenye betri hadi mbele, akaumenya ncha kwa koleo, akaisokota shaba, akaizungushia utepe mweusi, akaufunga waya kwenye bomba la fremu usije ukasuguliwa na usukani. Akazifunga zile konokono mbili chini ya taa, midomo yao ikitazama chini kidogo ili mvua isiingie. Kisha akasimama, akajipangusa mikono kwenye suruali. “Haya. Wenye moyo dhaifu na wakae chini.”

Akabonyeza.

Mlio ulipanda ukutani kama maji yanayofurika. Vioo vya dirisha vilitetemeka, mtoto wa jirani akaanza kulia, na mguu wa Sindano ulishtuka ukaisukuma cherehani, mshono ukaenda upande na kuharibu kola ya sare mpya. Mafundi waliziba masikio. Chiriku peke yake hakuziba. Alikuwa ametoa macho, na uso wake ulikunjuka kwa furaha.

“Hiyo hata mimi naisikia!” alipaza sauti.

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nani angejua kwamba kijana alikuwa hafanyi mzaha?

Hakuondoka. Aliisukuma pikipiki hatua chache mpaka chini ya dirisha la dada yake, akakaza kidole kwenye honi. Mtaa ukasimama. Kisha akainua uso akaita, na sauti yake nayo ilikuwa kubwa mno, kama ya mtu anayemwita mwenzake ng’ambo ya mto.

“Dada! Teremka, Dada! Nina shida!”

Sindano alikuwa ameshika ile kola iliyoharibika. Damu ilimpanda kichwani. Aliamini amemwelewa: ameshindwa kumpata kwa upole, sasa anataka kumwaibisha mbele za watu. Akafunga dirisha kwa kishindo, akavuta pazia.

Kuanzia siku ile kila asubuhi mtaa uliamshwa na zile konokono. Wagonjwa walilalamika, wenye watoto wachanga walilaani. Mama mwenye nyumba alipanda ghorofani huku anapumua kwa shida, akasimama mlangoni akiwa amejishika kiuno.

“Sindano mwanangu, huyu mwenye pikipiki ni nani wako?”

Sindano alikuwa akitunga uzi kwenye tundu. Aliutazama uzi. “Simjui.”

“Humjui? Anaita Dada kila siku.”

“Wanawake wote ni dada zao hao, Mama. Mimi simjui.”

“Haya. Kama humjui, hatanilaumu mtu nikimwitia askari.”

“Muitie.”

Mama mwenye nyumba akateremka zake. Sindano alijaribu tena kutunga uzi. Tundu lilikuwa lile lile na uzi ulikuwa ule ule, lakini mkono ulikataa.

Siku hiyo hiyo alikwenda gerejini, akamkuta Cheche chini ya pikipiki ya mteja.

“Mwambie rafiki yako honi yake akaipigie makaburini, huko alikonizikia mama bila mimi.”

Cheche alijivuta kutoka chini ya pikipiki, akakaa sakafuni. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. “Dada Sindano, ugomvi wenu siuingilii. Lakini mtu hawezi kuita kila siku kwa ajili ya mchezo. Teremka umsikilize. Maneno yake yakikuudhi, mrudishie, umpe na kofi juu yake. Mimi mwenyewe nitakushikia mkoba.”

“Neno lake nalijua.”

“Amekwambia lini?”

Swali lile lilimkasirisha Sindano zaidi. “Wewe funga nyaya,” alisema, akampa kisogo.

Mara ya mwisho Chiriku kuja ilikuwa asubuhi ya manyunyu. Safari hii hakukaza kidole. Alibonyeza mara mbili, fupi fupi, kama zamani za vifurushi vya mama. Sindano alijikuta amesimama. Alijikuta mkono wake uko kwenye komeo la mlango, na komeo limeshaanza kusogea. Laiti angelivuta! Lakini hapo hapo sauti ya mama mwenye nyumba ilipanda kutoka uani, inamkaripia kijana, inamtajia askari, na Sindano akaona aibu kuteremka kwa mtu aliyesema hamjui. Akarudi kukaa. Chini, Chiriku alisubiri mpaka shati lake likagandamana na mgongo. Kisha akaondoka.

Kesho yake hakuja, wala siku iliyofuata.

Mwanzoni Sindano alijihesabu mshindi. Lakini ushindi wake ulikuwa kama chai iliyopoa: aliinywa kwa kuwa ameshaimimina. Saa ile ya asubuhi ilipofika, mguu wake uliacha kukanyaga wenyewe, akakaa anasikiliza. Pikipiki nyingi zilipita. Kila moja ilipopunguza mwendo, moyo ulimdunda. Ilipopita, chumba kilikuwa kikubwa kuliko jana. Alishona mkono wa shati ndani nje, akaufumua, akaushona ndani nje tena. Alijaribu kuikumbuka hasira yake, maana ndiyo iliyokuwa ikimpa joto, akakuta imebaki majivu.

Cheche ndiye aliyepanda ngazi. Sindano alipomwona mlangoni, kofia mkononi, alijua kabla hajaambiwa.

“Chiriku amegongwa.”

“Yu hai?”

“Yu hai. Mguu umevunjika. Lori lilimpigia honi kutoka mbali, Dada. Wote tuliokuwa njia panda tulilisikia. Yeye akaendelea katikati ya barabara kama yuko shambani kwake. Watu wanasema ni kiburi. Mimi sisemi hivyo. Mtu hasikii honi ya lori? Nimekuwa nikijiuliza, na nikikumbuka alivyokuwa gerejini siku ile…” Hakumaliza. “Anakuita wewe tu.”

“Nipeleke.”

Alikwenda bila kubadili nguo, utepe wa kupimia bado unaning’inia shingoni. Njia nzima, nyuma ya Cheche, magari yalipiga honi, na kila honi ilimpitia mwilini kama mwiba.

Hospitalini muuguzi mmoja wa makamo alimpokea kwenye mlango wa wodi.

“Wewe ndiye ndugu yake? Afadhali umefika. Tunamuuliza maswali hajibu, tukadhani ameumia kichwa. Kisha nikamkumbuka. Kaka huyu aliwahi kuja hapa. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa tangu asubuhi. Alipofikiwa aliitwa jina, hakuinuka. Akaitwa tena, hakuinuka, wakapita wengine. Jioni nafunga, namkuta bado yuko pale pale. Akaniuliza kwa nini hatukumwita. Nikamwambia uliitwa. Akasema, sikusikia.”

Sindano aliuvua ule utepe shingoni.

“Nikamshauri arudi na mtu wa kumsikilizia,” muuguzi aliendelea. “Alifurahi kweli. Alisema ana dada yake, fundi, hapa hapa mjini. Akasema atamleta.”

Daktari naye alieleza kwa upole, lakini upole haupunguzi uzito wa jiwe. Maradhi ya masikio yalianza zamani, yakaenda polepole. Mgonjwa angeletwa mapema, pengine kingeokolewa kiasi cha kumwezesha kusikia watu. Sasa kilichobaki kilikuwa kidogo mno. Daktari hakumuuliza Sindano alikuwa wapi. Ingekuwa rahisi zaidi kama angemuuliza.

Chiriku alikuwa amelala chali, mguu umefungwa plasta mpaka pajani. Alipomwona, uso wote ulimchanua.

“Dada! Umekuja!”

Wodi nzima iligeuka kwa ukubwa wa sauti ile. Sindano alipiga magoti kando ya kitanda akamshika mkono kwa mikono yake miwili. “Nisamehe,” alisema. “Nisamehe, mdogo wangu.”

Chiriku aliutazama mdomo wake, akakunja paji la uso. “Sema polepole. Au basi, usiseme. Nitasema mimi. Si unajua mimi ni Chiriku?”

Akasema. Alisema kwamba ilianza kama nyuki kichwani, wakati mama bado mzima. Kwamba sauti za watu zilikuwa zikimpungukia siku hadi siku. Kwamba aliwaficha wenzake kituoni, kwa sababu nani angepanda pikipiki ya mtu asiyesikia? Alijifunza kutazama midomo, kucheka watu wanapocheka, kuitikia kwa kichwa.

“Nilipobisha hodi kwako sikujua kama uko ndani au haupo. Sikusikia kitu. Kisha nikaona ile honi ndogo nayo haisikiki, nikasema, ndiyo maana Dada hateremki, haisikii. Nikaweka kubwa.” Alitabasamu kama anayeomba radhi kwa upungufu wa kifaa. “Kumbe hata kubwa haikufika ghorofani.”

Sindano aliinamisha kichwa. Hakuna kofi ambalo lingemuuma kama tabasamu lile.

“Kuna jambo moja tu linanitesa,” Chiriku aliendelea, na sasa alijaribu kuishusha sauti, ikashuka kidogo tu. “Siku ya mama. Wazee waliniuliza, tungoje au tuzike? Nikawaambia, Dada amesema msinisubiri. Ulisema hivyo kwenye simu, nilikusikia kabisa. Msinisubiri. Sasa Dada, mbona ulikasirika?”

Maneno mawili yalikaa mbele ya Sindano, moja lake na moja la mdogo wake, yamefanana kama mapacha. Nisubirini. Msinisubiri. Katikati yake palikuwa na mvua, kilio, na masikio yaliyokwisha kuanza kufa. Kiapo chake chote, mlango uliofungwa, pazia, “simjui”, vyote vilisimama juu ya silabi hizo chache. Na mdogo wake alikuja kila asubuhi kumletea jibu, akalirudisha kila asubuhi bila kupokelewa.

Mezani palikuwa na kalamu. Angeweza kumwandikia ukweli mahali popote, hata kiganjani. Alimtazama Chiriku, mguu ule, macho yale yanayosubiri mdomo wake. Aliona kwamba akimwandikia, kijana huyu ataishi akijua kwamba masikio yake ndiyo yaliyomnyima dada yake kumzika mama. Ulimwengu ulikuwa umeshamnyamazia. Hilo ndilo liwe neno la mwisho analolipata?

Sindano aliiacha kalamu pale pale. Akaitikia kwa kichwa, polepole, ili aonekane vizuri. Ndiyo. Nilisema. Kisha akajipiga kifua kwa kiganja: kosa ni langu.

Chiriku alishusha pumzi ndefu. “Nilijua,” alisema. “Nilijua sikukosea.” Baada ya kitambo akalala, na usingizi wake ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo. Mzigo wenyewe haukupotea. Ulihamia kwa dada.

Chiriku alipotoka hospitali, Sindano alimchukua. Wakagawanya chumba kwa pazia. Barabarani hakurudi tena. Alijifunza kutia vifungo na kupindia sketi, na mikono yake ilikuwa myepesi kuliko Sindano alivyotarajia. Kulikuwa na sahani mbili sasa, na vikombe viwili. Lakini yule Chiriku wa zamani alikuwa akipungua. Mtu asiyesikia majibu huchoka kusema, na siku zilipita ambazo hakutoa neno tangu asubuhi. Sindano, ambaye zamani aliomba ndugu yake ajue kunyamaza, alikaa karibu naye akishona, upweke wake ukiwa na mtu ndani yake.

Jioni moja Chiriku alikuwa ameketi akimpa mgongo, anatia vifungo. Sindano aliacha kukanyaga. Maneno aliyoyabeba tangu siku ile ya wodini yalimfika mdomoni, akayaacha yatoke.

“Nilikuwa nakusikia,” alisema. “Ile ndogo nilikuwa naisikia, na ile kubwa nilikuwa naisikia. Kila siku. Nilikuwa nyuma ya pazia.”

Chiriku alikata uzi kwa meno.

“Chiriku,” Sindano aliita.

Alichukua kifungo kingine, akakiweka mahali pake.

“Chiriku!” Aliita kwa nguvu zake zote, mpaka chini gerejini nyundo zikanyamaza. “Chiriku, mdogo wangu!”

Mgongo ule haukutikisika. Sindano aliinuka, akavuka chumba, akamgusa bega. Chiriku aligeuka, sindano mkononi, uso mkunjufu.

“Umeniita, Dada?”

Sindano akaitikia kwa kichwa.

“Haya, nimeitika. Unasemaje?”

Sindano alifumbua mdomo, mikono ikainuka, ikatafuta ishara, ikaikosa, ikashuka. Kataa neno, usikatae wito.